Migongo Isiyo na Vichwa

Siku hizi watu wa mtaa wetu wa Kilibula wanamsifu Sylvestre Kashindi. Wanasema Uvira haijapata fundi mwingine wa picha kama yeye. Ni rahisi kumsifu mtu aliyekwisha kuzikwa. Alipokuwa hai tulimchukia, na yeye alituchukia zaidi. Kwa ajili ya michoro yake ya chaki alikaribia kuuawa mchana kweupe, na mwanamke mmoja akapoteza nyumba yake. Mimi nilikuwepo michoro ilipochorwa na nilikuwepo ilipohukumiwa, kwa hiyo nitasema nilivyoona.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye mdomo mkali. Kazi alijifunza kwa padri mmoja mzungu aliyepamba makanisa ya pwani ya ziwa kabla ya uhuru. Alimkorogea rangi na kumshikia ngazi. Padri alipohitaji mwili wa kuchorea shetani, alimvua Sylvestre shati na kumsimamisha wiki mbili, mkono mmoja juu, kama anayeanguka kutoka mbinguni. Picha ilipowekwa, watoto wa katekisimu walimtambua papo hapo. Tangu siku hiyo waliimba nyuma yake barabarani: "Shetani anaenda sokoni!" Yeye aliokota mawe na kuwatupia, wala hakukosa shabaha.

Mwaka wa sitini padri alirudi kwao. Sylvestre alibaki na sanduku la chaki, brashi chache, na desturi moja ambayo hakuiacha mpaka mwisho: hakugusa ukuta kabla ya kumchora kila mtu peke yake kwenye karatasi. Karatasi yenyewe ilikuwa ya mifuko ya simenti. Aliiomba kwa waashi, akaifungua, akaikung'uta vumbi, akailaza chini ya godoro mpaka inyooke.

"Rangi ya ngozi yetu iko tayari humu," aliniambia siku moja. "Mzungu alianza na karatasi nyeupe, akahangaika kututia weusi. Minye naanza na shiye wenyewe."

Kwa makaa aliweka kivuli. Kwa chaki nyeupe aliweka mwanga: juu ya bega, kwenye uti wa mgongo, kwenye kisigino. Ukirudi nyuma hatua tatu, mgongo ulitoka kwenye karatasi kama wa mtu anayeoga ziwani. Vichwa hakuchora. Alisema sura huja mwisho, ukutani, na tena aliwaahidi wote waliosimama mbele yake kwamba hatawataja kwa mtu. Mwili ukishakamilika, alipitisha juu yake mistari ya makaa, ya wima na ya kulala, ikawa miraba midogo midogo. Hiyo ilimsaidia kuukuza mwili uleule ukutani, mraba kwa mraba. Mistari ilipita popote, shingoni, viwikoni, magotini.

Mwaka wa sitini na tatu Firmin alimwita. Firmin alikuwa na baa kwenye njia ya Kalundu, yenye ukuta mmoja mrefu usio na dirisha.

"Wazungu walituchorea Nuhu na gharika yake," alisema Firmin. "Shiye pia tuko na gharika yetu. Nichorie ile ya kisima."

Hadithi ya kisima kila mtu wa pwani yetu aliisikia kwa bibi yake. Mume na mke walikuwa na kisima kidogo uani, kimejaa samaki wasioisha, na wamekatazwa kumwonyesha mgeni. Mume akasafiri. Mke akamleta mpenzi wake, akainama, akamwonyesha. Mpenzi akatia mkono. Ardhi ikapasuka, maji yakafunika mashamba na watu, na hilo ndilo ziwa letu. Mume aliporudi na mzigo wake hakukuta mlango wa kubisha.

Kwa picha hiyo Sylvestre alihitaji miili. Mimi nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, mchukuzi wa mizigo kwenye bandari ya Kalundu. Aliniona nikishuka ubao wa meli na gunia la chumvi.

"Weye mwenye mugongo! Kuja hapa."

Nilidhani nimekosea kitu, nikaenda. Ndivyo nilivyokuwa mume wa hadithi. Nilisimama nyumbani kwake alasiri nyingi, gunia la mchanga begani, na hakuna siku aliyonisemesha vizuri. "Usipumue kama ng'ombe aliyeshuka milima ya Bijombo!" "Hiyo miguu umeazima wapi?" "Mathieu, gunia iko na akili kukushinda, angalia inavyotulia." Nilirudi kila mara kwa sababu sikujua namna ya kumwambia sitaki.

Kwa mke wa hadithi alimtaka Apolline. Apolline aliuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, bandarini, na mumewe, Révérien, alikuwa fundi wa mashine katika meli ya kwenda Albertville, mji ambao siku hizi ni Kalemie. Alikaa safarini wiki nzima au mbili. Sylvestre alikuwa amemwona akiinama kuosha beseni. Akamwomba bila aibu, mbele ya wanunuzi, nao wakapiga kelele. Apolline aliendelea kuosha beseni. Kesho yake alikuja mwenyewe, akasimama kizingitini kwa Sylvestre.

"Mlango unabaki wazi," alisema. "Na Mathieu anakuwa hapa kila siku. Ule haangalie muntu. Anaangalia vidole vyake tu."

Basi nilikuwepo. Apolline alikaa kwa kutupa kisogo, akashusha kitenge mpaka kiunoni, akainama juu ya beseni lililokuwa kisima. Nilitazama vidole vyangu. Siku moja nilimuuliza kwa nini amekubali, na hilo ndilo swali pekee nililowahi kumwuliza. Alisema tangu alipozaliwa hapo ndipo mahali pa kwanza ambapo mtu alimwambia asifanye kazi yoyote.

Chini ya bega lake la kushoto palikuwa na alama ya kuungua, ya uji wa utotoni. Sylvestre aliichora. Apolline alipoiona kwenye karatasi alikasirika.

"Hiyo iache. Inasaidia nini?"

"Mwili si shati. Siwezi kuupiga pasi."

"Weye iko na roho mbaya."

"Inama. Mwanga unaondoka."

Habari zilienea kwamba nyumbani kwa Shetani kunachorwa watu weupe wasio na vichwa. Wanawake walivusha watoto upande wa pili wa njia. Mzee Kasimu, mwenye duka la vitambaa, alisimama mlangoni pake na kumwonya: "Siku ya mwisho utaambiwa uwatie roho hao wote unaowachora." Sylvestre akamjibu bila kusimama: "Wasubiri. Kwanza nitawatia vichwa." Kasimu hakumsalimu tena.

Mwezi wa tano wa mwaka wa sitini na nne waasi waliingia mjini. Wanajeshi wa serikali walikuwa wamekimbia. Wapiganaji walikuwa na dawa: walinyunyiziwa maji, na risasi, walisema, nazo zingegeuka maji. Vijana wa mitaa yetu waliojiunga nao walipita nyumba kwa nyumba wakitafuta redio na karatasi za serikali. Chini ya godoro la Sylvestre hawakukuta redio. Walikuta miili kumi na minne.

Juma hilohilo maiti za wapiganaji zilikuwa zimerudishwa kutoka njia ya Kamanyola. Dawa haikuwa imezuia kitu, na kila mtu alitaka kujua ni nani aliyeiharibu.

Tuliitwa wote kwenye uwanja mbele ya ofisi, asubuhi, jua likiwa limepanda. Michoro ilikuwa imetandazwa chini, mawe kwenye pembe. Komanda alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, sauti yake ya taratibu. Kando yake alikaa mganga wa dawa, waliyemwita dokta. Sylvestre alisimama mbele yao, mikono imefungwa nyuma, mdomo umevimba.

"Hii iko nini?" aliuliza komanda.

"Mazoezi."

"Ya nini?"

"Ya picha ya ziwa."

"Ziwa iko wapi hapa? Minye naona nyama ya bucheri."

Watu walicheka. Dokta hakucheka. Aliinuka na kutembea kati ya karatasi akielekeza kwa fimbo. "Weupe ni wa wafu. Kichwa hakuna, sababu kimekwisha kwenda. Na angalia mistari hii. Shingo. Kiwiko. Goti. Hapo ndipo pa kukata. Batu yetu walikatwa namna hii hii. Huyu aliita miili yao, mmoja mmoja, akaifunga kwenye karatasi, maji ya dawa yakakauka."

Sylvestre angeweza kueleza miraba kwa upole. Mtu mwingine angeeleza. Yeye alisema: "Ungemaliza hata darasa la kwanza, ungejua ni vipimo."

Kijana mmoja alimpiga kwa kitako cha bunduki. Nyuma yangu watu walianza kuimba, si watoto safari hii, ni watu wazima, mama na baba: "Shetani! Shetani!"

Alipoinuka alimtaja Firmin, kwamba ndiye mwenye ukuta. Firmin alisukumwa mbele, amevaa suruali ya Jumapili.

"Minye?" alisema Firmin. "Minye nauzisha pombe tu, komanda. Ukuta yangu haina shida na picha. Huyu simjui vizuri."

"Ulinipa ukuta mita tisa," alisema Sylvestre.

"Nilikupa kiti ukae unywe, na hukukilipia."

Wakacheka tena. Komanda aliinua mkono, kukatulia. Akasema neno ambalo naona lilikuwa la haki, kama kitu chochote siku ile kilikuwa cha haki. Alisema: "Weye unadai hii ni miili ya watu wazima, walio hai, waliosimama kwako. Sawa. Waje. Mmoja tu akija, tukaona mwili wake na karatasi ni kitu kimoja, na anapumua, basi dokta amekosea. Kama hakuna, hii ni miili ya wafu wetu. Kivuli cha mlingoti wa bendera kikifika kwenye yale mawe ya karatasi, tunamaliza." Akamgeukia. "Wataje."

"Niliwaahidi."

"Utakufa sababu ya ahadi?"

"Nitakufa sababu ya wajinga. Ahadi ni jambo lingine."

Karatasi ya nne kutoka kushoto ilikuwa mimi. Gunia, bega, kisigino kilichoinuka, hata ile misuli ya shingo iliyonisumbua tangu msimu wa pamba. Nilikuwa safu ya pili. Ilinitosha kusema neno moja na kuvua shati, na mimi huvua shati bandarini kila siku ya Mungu. Nilijisemea: kivuli bado kiko mbali. Kisha: dokta atasema nami nimeuza mwili wangu kwa uchawi. Kisha nikajisemea jambo baya zaidi, kwamba mtu huyu hajawahi kunipa neno jema hata moja. Hilo ndilo lililonituliza. Nilitazama vidole vyangu. Nilipoinua macho, kivuli kilikuwa karibu na mawe.

Apolline alitokea upande wa ziwa akiwa na beseni la ndagala kichwani. Alikuwa akitoka Kalundu, kwenda sokoni. Alisimama, akatazama karatasi, akatazama mlingoti. Akatua beseni chini.

"Ya sita ni mimi."

Kelele iliyotoka pale sijawahi kuisikia hata bandarini. Mtu mmoja alisema, "Bibi ya Révérien!" yaani mkewe, na jina la Révérien likapita mdomo kwa mdomo mpaka nyuma kabisa.

"Mwanamke yeyote anaweza kusema hivyo," alisema dokta.

"Iko alama chini ya bega la kushoto. Imechorwa hapo. Leteni mama wawili na kitenge. Wanaume wageuke."

Wanawake wawili waliinua kitenge kama ukuta, wa tatu akaingia na karatasi mkononi. Wanaume wachache sana waligeuka. Apolline aliinama nyuma ya kitenge kama alivyoinama juu ya beseni kule nyumbani kwa Sylvestre.

"Iko," alisema yule mama wa tatu kwa sauti ya kuudhika. "Alama iko. Na inapumua."

Komanda alicheka peke yake. Apolline alijifunga, akatoka, na macho yake yakapita juu ya watu mpaka yakanifikia. Hakunitaja.

"Na wa gunia iko hapa pia," alisema. "Kama iko na kinywa, atasema mwenyewe."

Sikusema. Kivuli kilivuka mawe, na hapakuwa na haja tena.

Sylvestre alifunguliwa. Dokta, ili asishindwe kabisa, aliamuru michoro ioshwe ziwani na mchoraji mwenyewe. Tulimfuata mpaka ufukweni. Alizamisha karatasi moja moja. Chaki ilitoka kwanza, maji yakawa kama ya kuoshea mchele, kisha karatasi ikalegea na kuchanika vidoleni mwake. Mgongo wangu ulikwisha hivyo. Karatasi ya Apolline haikuwa miongoni mwazo. Ilikuwa imebaki kwa wale wanawake, na yeye alikwisha kuikunja na kuiweka chini ya ndagala zake.

Sylvestre alipopanda kutoka majini alimpita Apolline kwa karibu. Kila mtu alingoja amshukuru. Akasema: "Uliinama vibaya. Bega la kushoto lilikuwa juu."

Siku ile ndiyo nilimchukia kweli.

Révérien alirudi baada ya siku nne. Kabla meli haijafungwa kamba, wachukuzi wenzangu walikwisha kumpigia kelele kutoka gatini kwamba bibi yake alimwonyesha komanda mgongo. Hakumpiga. Alitoa vitu vya mkewe njiani kimoja kimoja, sufuria, mkeka, beseni, akivipanga vizuri kama duka.

"Nenda kwa ule anayekujua mugongo."

"Nilikuwa naokoa muntu, baba Inamahoro."

"Ungeokoa nyumba."

Inamahoro, binti yao, alibaki kwa baba. Apolline alihamia Kalundu kwa yaya yake, dada yake mkubwa, na Révérien alioa mwingine kabla mwaka haujaisha.

Serikali ilirudi, vita vikapanda milimani, na Sylvestre alipotea. Wengine walisema amekufa, wala hawakusikitika. Mwaka wa sitini na sita alitokea tena, amekonda, anakohoa. Firmin, aliyesahau kila kitu, alimwita kwa furaha: ukuta bado upo. Lakini Sylvestre hakuwa na mchoro hata mmoja, na bila mchoro hakuweza kuanza. Alikwenda bandarini. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya magunia, karibu kabisa na meza ya Apolline.

"Ile karatasi," alisema.

"Nilifungia ndagala."

"Yote?"

"Ilikuwa karatasi nzuri. Haivuji."

Alisimama pale mpaka mnunuzi mmoja akamwambia apishe. Kisha akasema kwa sauti niliyokuwa sijaisikia kwake, ya chini: "Simama tena, Apolline. Siku tatu tu. Mlango wazi."

"Nilisimama mara mbili kwako," alisema Apolline. "Ya kwanza mugongo uliniuma. Ya pili mtoto wangu alianza kumwita mwingine mama. Kama unaweza kuchora, unichorie hiyo nyumba. Toka hapa."

Alitoka. Alikwenda kuchora ukuta, na alichukua watu wengine kwa miili mingine. Mimi hakuniomba, lakini alinikumbuka vizuri, maana mume alitokea ukutani na gunia lake na kisigino kimeinuka. Mpenzi alikuwepo, mkono majini. Watu walikuwa wakizama hadi ukingo wa chini. Pembeni mwa kisima, mahali pa mke, palikuwa na majani tu.

"Na mwanamke?" aliuliza Firmin.

"Hakuna mwanamke."

"Ni yeye aliyeleta maji! Batu watakunywa wakiangalia nini?"

"Waangalie maji."

Firmin alimfukuza. Akamleta fundi kutoka Bujumbura, ambaye kwa siku moja, bila karatasi, aliweka mwanamke juu ya yale majani: kifua wazi, hereni, meno yote nje, anawatazama wanywaji. Hakufanana na mtu yeyote wa dunia hii. Hata hivyo, jioni ya kwanza watu walisema ni Apolline, na baadaye kila aliyeingia alielezwa hivyo, na wengine walimfuata hadi Kalundu kumtazama wafananishe. Sylvestre hakuingia tena katika baa ile. Kifua kilimwua miaka mitatu baadaye, na tuliokwenda kuzika hatukujaza hata kivuli cha nyumba.

Juma la mazishi niliingia kwa Firmin. Mtu mmoja mgeni alikuwa akionyeshwa ukuta, na mwenyeji wake alikuwa anaeleza habari za mgongo wa bibi ya Révérien, kwa maneno nisiyoyaandika. Nilisimama. Sijui nilisimamaje.

"Ule si Apolline," nilisema. "Apolline hayumo. Mwenye gunia pale ni mimi. Siku ya uwanjani nilikuwa safu ya pili, nikanyamaza, yeye akasema."

Walinitazama, wakatazama ukuta, wakanitazama tena. Firmin aligonga meza. "Mathieu iko na sauti! Mpeni chupa!" Walicheka sana, si kwa ubaya, wakarudi kwenye mazungumzo yao, na mgeni akaonyeshwa hereni.

Lakini Uvira ni ndogo, na neno lilifika bandarini kabla yangu. Asubuhi nilipopita na mzigo, Apolline alikuwa akipanga mafungu yake. Nilitua gunia mbele ya meza, nikatafuta la kusema. Hakuniacha nilipate.

"Nimesikia," alisema bila kuinua kichwa. "Umechelewa. Nunua, ao pisha bengine."

Nikanunua.